Jinsi ya kupima uwezo wa kisima kirefu kwa njia ya Charles Theis

Cheti cha kisima kirefu huwa na namba moja inayotazamwa kuliko nyingine zote, nayo ni wingi wa maji kwa saa. Mwenye kisima huishika namba hiyo, hununua pampu inayolingana nayo na kujenga tangi, kisha baada ya kiangazi kimoja au viwili hushangaa pampu inapoanza kuvuta hewa. Namba yenyewe huenda ilikuwa sahihi siku kisima kilipopimwa. Kilichokosekana ndani yake ni muda. Aliyeuingiza muda katika hesabu za visima ni Charles Vernon Theis, mtaalamu wa maji chini ya ardhi wa Marekani, na karibu kila kipimo cha kisima kinachofanywa leo, pawe penye kompyuta au pasipo nayo, kinasimama juu ya kazi yake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupima kisima kimoja chenye pampu na kuyasoma matokeo kwa njia hiyo. Uzito umewekwa katika kupima maji yanavyorejea baada ya pampu kuzimwa, kazi iliyo rahisi kuliko zote na ambayo mafundi wengi huiacha kwa kuwa wamekwisha kufunga vyombo.

Theis na swali la New Mexico

Theis alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Newport, Kentucky, unaotazamana na Cincinnati ng'ambo ya mto Ohio. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, akaendelea hapo hapo na jiolojia hadi kupata shahada ya udaktari mwaka 1929. Mwaka uliofuata aliajiriwa na taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa jiolojia, katika kitengo cha maji chini ya ardhi kilichoongozwa na Oscar Meinzer, na kazi yake ikampeleka New Mexico, jimbo kavu la Marekani ambalo wakulima wake walikuwa wakimwagilia mashamba kwa maji ya visima na kutaka kujua yatadumu kwa muda gani.

Kanuni iliyokuwa ikitumika wakati huo, ile ya Mjerumani Günther Thiem ya mwaka 1906, haikuweza kulijibu swali hilo, kwa sababu ilichukulia kwamba maji yamekwisha kutulia na hayashuki tena. Katika nyanda za New Mexico hayakutulia. Yaliendelea kushuka, polepole zaidi kila siku, lakini yalishuka. Theis alitambua kwamba maji hupita katika mchanga kwa sheria ile ile ambayo joto hufuata linapopita katika kitu kigumu, na kwamba wanafizikia walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo la joto zamani. Alimwandikia rafiki yake Clarence Lubin, mwanahisabati wa Cincinnati, akimwomba suluhisho la sahani ya chuma inayonyonywa joto katika nukta moja. Lubin alimpa, lakini alipoombwa jina lake liwekwe pamoja na la Theis alikataa, kwa kuwa kwa mwanahisabati jambo hilo halikuwa na ugeni wowote. Makala iliyotoka mwaka 1935 ina kurasa sita tu. Theis aliithibitisha kwa vipimo vya kisima kilichokuwa kimepimwa karibu na Grand Island, Nebraska, na hata hivyo wenzake hawakuikubali mara moja.

Kinachomhusu mpimaji katika makala hiyo ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba pampu inapowashwa, maji ya awali hayatoki mbali wala hayatoki kwenye mvua ya mwaka huo, bali yanatoka katika akiba ya tabaka, yaani mchanga au mwamba wenye maji uliokizunguka kisima, na koni ya mshuko wa maji, yaani shimo la umbo la faneli ambalo uso wa maji hulifanya kukizunguka kisima, huendelea kupanuka hadi ipate pa kuchukua maji mengine. La pili ni kwamba kasi ya kupanuka kwa koni hiyo inategemea sifa mbili za tabaka: uwezo wake wa kupitisha maji na uwezo wake wa kuyatunza. Kisima kimoja kikipimwa peke yake kinatuambia sifa ya kwanza kwa uhakika wa kutosha. Sifa ya pili inahitaji kisima kingine cha kuangalizia kilicho karibu, na mtu anayeitaja kwa kupima ndani ya kisima chenye pampu pekee anastahili kuulizwa ameipataje.

Kabla ya kuwasha pampu

Kisima kipumzike kwa angalau saa 24, na visima vya jirani vinavyochota tabaka hilo hilo visimamishwe pia, au, isipowezekana, saa za kuwashwa na kuzimwa kwake ziandikwe. Chagua alama moja ya kudumu kwenye mdomo wa bomba la kisima, ipige rangi, pima urefu wake kutoka ardhini, na vipimo vyote vya kina vifanywe kutoka hapo. Kosa la sentimita 40 linalotokana na watu wawili kupima kutoka sehemu mbili tofauti linatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Kifaa cha kupimia kina ni utepe wenye alama za sentimita na ncha inayolia au kuwasha taa inapogusa maji. Usiushushe ovyo kati ya bomba la pampu na waya wa umeme, kwa sababu utajizungusha na huenda usitoke. Pampu inaposhushwa, fungia pembeni mwa bomba lake bomba jembamba la plastiki lililotobolewa tundu upande wa chini, kisha utepe upite ndani ya hilo. Bomba hilo jembamba libaki kisimani hata baada ya kazi, kwa maana litahitajika kwa miaka yote ya matumizi.

Hakikisha juu ya pampu kuna valvu inayozuia maji yasirudi. Isipokuwepo, pampu ikizimwa maji yote yaliyojaa katika bomba la kupandishia yatamwagika kisimani, kina kitaruka ghafla, na vipimo vya marejeo, yaani vya maji yanavyorejea, vya dakika za kwanza vitakuwa vinaeleza habari za bomba badala ya habari za mwamba.

Maji yanayotoka yapelekwe mbali kwa mpira au mfereji, mita 100 au zaidi, kuelekea upande wa mteremko. Panapokuwa na mchanga wa juu juu na maji ya karibu, maji yanayomwagwa kando ya kisima huzama na kurudi humo humo, na mpimaji hudhani amepata kisima kisichoisha. Wingi wa maji upimwe kwa pipa la lita 200 na saa ya kuhesabia sekunde: pipa likijaa kwa sekunde 120, kisima kinatoa lita 6,000 kwa saa. Ndoo ya lita 20 ingejaa kwa sekunde 12, na kuchelewa kubonyeza kwa sekunde moja tu kungekupotosha kwa karibu sehemu moja ya kumi na mbili, ndiyo maana pipa ni bora.

Kiwango cha kusukuma kichaguliwe kwa jaribio fupi la hatua siku iliyotangulia: saa moja kwa kiwango kidogo, saa moja kwa cha kati, saa moja kwa kikubwa, ukiangalia ni wapi maji yanaanza kushuka kupita kiasi. Kisha kisima kiachwe kipumzike tena.

Siku ya kupima

Washa pampu, andika saa kamili, na usibadilishe kiwango tena. Hesabu ya Theis inachukulia kwamba wingi wa maji ni ule ule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo koki iwe ya kurekebishia polepole pale mtiririko unapopungua kwa sababu maji yameshuka, na pipa lijazwe mara kwa mara katika saa ya kwanza, kisha kila saa moja.

Kina cha maji kisomwe kila dakika kwa dakika kumi za kwanza, halafu kila dakika tano hadi saa moja itimie, kila robo saa hadi saa ya tatu, na kila saa baada ya hapo. Mpangilio huu unatokana na tabia ya maji yenyewe: mshuko unaotokea kati ya dakika ya 10 na ya 100 hulingana, tabaka likiwa la kawaida, na ule unaotokea kati ya dakika ya 100 na ya 1,000. Mwenye kusoma kila nusu saa tangu mwanzo amepoteza nusu ya grafu yake kabla hajaanza kuichora. Kisima cha kijiji au cha shule kisukumwe kwa saa 24, na cha mji kwa siku tatu au zaidi.

Karani wa vipimo aandike pia kila kisicho cha kawaida: jenereta ilizimika saa ngapi na kwa dakika ngapi, maji yalibadilika rangi lini, mvua ilinyesha au haikunyesha. Mambo haya hayana nafasi katika fomu nyingi, na ndiyo yanayoeleza baadaye kwa nini mstari ulipinda.

Maji yanaporejea

Pampu ikizimwa, kazi yenye thamani zaidi ndiyo inaanza. Wakati wa kusukuma, maji kisimani huchafuka na kurukaruka, jenereta hupanda na kushuka, na sehemu ya mshuko husababishwa na msuguano wa maji yanapopenya katika matundu ya bomba, jambo lisilohusu tabaka hata kidogo. Pampu ikinyamaza, hayo yote hutoweka kwa pamoja. Maji hupanda kwa utulivu, na mabadiliko madogo ya kiwango yaliyotokea mchana kutwa hujisawazisha, hivyo wastani wa siku nzima hutosha katika hesabu. Theis mwenyewe aliiweka njia hii ya marejeo katika makala yake ya mwaka 1935.

Soma kina kwa mpangilio ule ule wa muda ulioutumia wakati wa kusukuma, kuanzia dakika ya kwanza baada ya kuzima, na uendelee hadi maji yakaribie yalipoanzia au hadi muda wa marejeo ulingane na muda wa kusukuma. Kwa kila kipimo andika mambo matatu: dakika zilizopita tangu pampu ilipowashwa, dakika zilizopita tangu ilipozimwa, na mshuko uliobaki, yaani tofauti kati ya kina cha sasa na kina cha kabla ya kusukuma. Gawanya dakika za kwanza kwa za pili upate uwiano.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kisima kina maji yaliyotulia katika kina cha mita 18. Kimesukumwa kwa saa 24, yaani dakika 1,440, kwa lita 6,000 kwa saa, na mshuko wa mwisho ulikuwa mita 9. Dakika 10 baada ya kuzima, uwiano ni 1,450 kugawanya kwa 10, sawa na 145, na mshuko uliobaki ni mita 2.59. Dakika 100 baada ya kuzima, uwiano ni 15.4 na mshuko uliobaki ni mita 1.43. Saa 24 baada ya kuzima, uwiano ni 2 na mshuko uliobaki ni mita 0.36.

Chora vipimo hivyo kwenye karatasi ya grafu ambayo mhimili wake wa chini umegawanywa kwa logi, yaani umbali kutoka 1 hadi 10 ni sawa na kutoka 10 hadi 100. Uwiano uwe chini, na mshuko uliobaki uwe upande wa kushoto. Nukta za dakika chache za mwanzo huwa nje ya mstari kwa sababu maji yanakuwa bado yanajaza bomba la kisima, kwa hiyo usizing'ang'anie. Pitisha rula katika nukta zinazofuata. Kisha soma mshuko unabadilika kwa kiasi gani uwiano unapotoka 10 kwenda 100. Katika mfano wetu ni mita 1.2.

Hesabu yenyewe ni hii: zidisha 0.183 kwa wingi wa maji kwa siku katika mita za ujazo, kisha gawanya kwa badiliko hilo. Lita 6,000 kwa saa ni mita za ujazo 144 kwa siku, 0.183 mara 144 ni 26.35, ukigawanya kwa 1.2 unapata karibu 22. Huo ndio uwezo wa tabaka kupitisha maji: mita za mraba 22 kwa siku. Kwa kisima cha miamba migumu iliyopasuka hiyo ni namba ya kuridhisha. Katika changarawe nene ya bonde la mto namba hiyo ingeweza kufika mamia kadhaa na zaidi. Njia hii ya mstari mnyoofu ilienezwa na wanafunzi wa fikra za Theis, Hilton Cooper na Charles Jacob, katika makala yao ya mwaka 1946, na tangu hapo fundi hakuhitaji tena kulinganisha mkunjo wa vipimo vyake na mkunjo wa Theis uliochapishwa.

Mstari unapokataa kunyooka

Theis aliweka masharti magumu katika hesabu yake: tabaka liwe la aina moja kila mahali, lenye unene ule ule, lisilo na mwisho, na kisima kilipenye lote. Hakuna mahali duniani panapotimiza masharti hayo yote, na sehemu kubwa ya nyanda za kati za Tanzania, ambako maji hukaa katika mipasuko na udongo uliooza juu ya miamba migumu ya kale, haiyakaribii. Hesabu haipotezi maana kwa sababu hiyo. Mstari mnyoofu ni kipimo cha kulinganishia, na pale vipimo vinapouacha ndipo mwamba unapoanza kueleza hali yake.

Wakati wa kusukuma, mshuko ukianza ghafla kwenda kwa mwinuko ulio mara mbili ya ule wa awali, koni imegonga ukuta, kwa mfano mwamba usiopitisha maji upande mmoja. Mshuko ukilala na kukaa pale pale, koni imefikia maji ya kujazia, kama vile mto au bwawa, au maji yanavuja kutoka tabaka la juu. Katika marejeo, urefushe mstari hadi uwiano wa 1. Ukipita karibu na sifuri, kama ulivyo katika mfano wetu, hali ni ya kawaida. Ukifika kwenye sifuri mapema, uwiano ukiwa bado 2 au zaidi, kisima kilikuwa kikipokea maji kutoka nje. Mshuko ukibaki wazi hata uwiano unapokaribia 1, tabaka ni dogo na maji uliyoyatoa hayajarudishwa na mtu. Hali hii ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, na ndiyo isiyoonekana kamwe kwa anayefunga vyombo mara pampu inapozimwa.

Pwani na visiwani, kama vile Unguja, ambako maji matamu yamo katika mawe ya matumbawe yakiwa yanaelea juu ya maji ya chumvi, pima pia upitishaji wa umeme wa maji, ambao huonyesha kiasi cha chumvi, kila saa. Grafu ya kina inaweza kupendeza huku chumvi ikipanda, kwa kuwa maji ya chumvi nayo hukijaza kisima vizuri sana.

Kutoka siku moja hadi kiangazi kizima

Sasa muda unatumika. Mita 1.2 tulizozipata ni mshuko unaoongezeka kila muda unapozidishwa mara kumi. Baada ya siku 1 mshuko ulikuwa mita 9. Baada ya siku 10 za kusukuma mfululizo utakuwa mita 10.2, baada ya siku 100 utakuwa mita 11.4. Jumlisha mita 18 za kina cha awali, na pia kiasi ambacho maji ya eneo hilo hushuka yenyewe wakati wa kiangazi, tuseme mita 3: maji yatakuwa katika kina cha mita 32.4. Pampu iliyowekwa mita 36 itabaki na mita 3.6 za maji juu yake. Lakini kama koni itagonga ukuta na mwinuko kuwa mara mbili, mshuko wa siku 100 utafika mita 13.8 na pampu itabaki na mita 1.2 tu, jambo ambalo hakuna fundi makini atakayelikubali. Punguza kiwango kabla ya kununua pampu, kwa kuwa ikishanunuliwa hakuna anayekubali kuiendesha chini ya uwezo wake. Hesabu hii ni ya kusukuma usiku na mchana; kisima kinachofanya kazi saa 8 kwa siku kitapata nafuu.

Hesabu hii pia ina mpaka wake, na aliyeuonyesha ni Theis huyo huyo katika makala ya mwaka 1940 ambayo, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko ile ya 1935. Humo alieleza kwamba kila lita inayotolewa na kisima lazima ipungue mahali fulani: ama akiba ya tabaka ipungue, ama chemchemi na mito ambayo tabaka lilikuwa likiilisha ipungukiwe, ama ardhi ipokee maji mengi zaidi kuliko zamani. Mwaka uliofuata aliandika namna ya kukokotoa maji ambayo kisima kinaunyang'anya mto wa jirani. New Mexico ililigeuza jambo hilo kuwa utawala: tangu mwaka 1956 mhandisi mkuu wa maji wa jimbo alianza kudhibiti visima vya bonde la Rio Grande kwa hoja kwamba maji yake hatimaye ni ya mto, na mji wa Albuquerque, alikoishi Theis hadi kufariki mwaka 1987, ulishindana na mhandisi huyo mahakamani na kushindwa.

Kwetu mfano ulio wazi ni Makutupora, eneo la visima vinavyohudumia Dodoma. Kumbukumbu za kina cha maji za hapo, zinazofikia miaka 55, zilichambuliwa na Richard Taylor wa University College London pamoja na wenzake, Watanzania wakiwemo, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Yalionyesha kwamba tabaka hilo halijazwi kila mwaka. Hukaa miaka likishuka, kisha hupokea maji mengi kwa mkupuo katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Kipimo cha saa 24 hakiwezi kuliona jambo la namna hiyo hata kikifanywa kwa ustadi wote. Kinachoweza kuliona ni utepe ule ule wa kupimia kina.

Kwa hiyo nakala za vipimo vyote, vya kusukuma na vya marejeo, zibaki na kamati ya maji au mwenye kisima, na nyingine ziambatane na maombi ya kibali kwenye Bodi ya Maji ya Bonde, au Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa walio Kenya. Daftari liwekwe kwenye nyumba ya pampu. Mara moja kwa wiki, alfajiri kabla pampu haijawashwa, kina kisomwe kutoka kwenye ile alama ya rangi kupitia lile bomba jembamba, na kuandikwa pamoja na tarehe na usomaji wa mita ya maji. Kina cha alfajiri cha mwisho wa kiangazi kikiwa chini kuliko cha mwaka uliopita kwa miaka mitatu mfululizo, kipimo cha marejeo kirudiwe kabla ya kuongeza saa za kusukuma au kuunganisha wateja wapya.